Ubashiri wa raga ya wachezaji 13 usichapishwe Jumatatu

Mhariri,

Tupe nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme machache kuhusu jedwali la ubashiri wa raga ambalo hutoka kila Jumatatu kando ya lile la kandanda. Hatuna ugomvi na kuwepo kwake. Tatizo ni kwamba limepimwa kwa mizani ya kandanda: matokeo ya mechi tano zilizopita, nafasi kwenye msimamo, nani mwenyeji, kisha 1, X au 2. Kwa raga ya wachezaji 13, yaani ligi ya NRL ya Australia na Super League ya Uingereza, mizani hiyo hudanganya, na wanaokata mkeka kwa kuifuata huumia.

Tuanze na hiyo X, yaani sare. Tangu 2003 mechi ya NRL ikimalizika sare baada ya dakika 80 huongezwa dakika 10, na pointi ya kwanza kufungwa humaliza mchezo. Super League ilianza utaratibu kama huo 2019. Sare bado inaweza kutokea katika mechi za kawaida za NRL iwapo hizo dakika 10 zitapita bila pointi, lakini ni nadra mno. Katika mechi za mtoano haipo kabisa, kwa sababu hucheza hadi mshindi apatikane. Kuchapisha X mara mbili au tatu kwa wikendi moja ni kupoteza wino.

Msomaji aliyezoea Kenya Cup au raga ya wachezaji 7 huuona mpira uleule wa yai akadhani ni mchezo uleule. Michezo hii iliachana Agosti 29, 1895, katika hoteli ya George mjini Huddersfield, pale vilabu vya kaskazini mwa Uingereza vilipojitenga kwa sababu ya malipo ya wachezaji waliokuwa wakikosa ujira wa kazi ili wacheze. Tangu hapo sheria zimekwenda njia tofauti. Huku timu ina watu 13. Mchezaji akiangushwa, husimama na kuurudisha mpira nyuma kwa mguu, hakuna kuung'ang'ania chini. Timu ina mikabo sita tu, yaani wachezaji wake wenye mpira huangushwa mara sita. Ukifika wa sita bila kufunga, mpira unakwenda kwa mpinzani. Kwa hiyo kwa kawaida baada ya mkabo wa tano hupigwa teke refu. Mpira hauporwi kwa nguvu za kundi kama kwenye raga ya 15. Unagawiwa kwa zamu, karibu sawa kwa sawa, na anayeshinda ni yule anayeanza zamu zake mbele zaidi na kuzimaliza bila kuangusha mpira.

Pointi nazo ni tofauti. Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani, ni pointi 4 na si 5, mkwaju wa kuongezea baada yake ni 2, penalti ni 2 na si 3, na teke la kudondosha mpira ukiwa mchezoni ni 1. NRL hutoa 2 kwa teke hilo likipigwa kutoka nje ya mita 40. Trai na mkwaju wake ni 6. Ndiyo maana kampuni za kamari hupenda kuweka mstari kwenye 6.5 au 12.5: wanakuuliza kama timu itashinda kwa zaidi ya trai moja au mbili zenye mikwaju. Jedwali la Jumatatu linaloandika "ushindi wa pointi 7" halijajiuliza 7 inapatikanaje. Inapatikana, lakini kwa kawaida kuna teke la pointi 1 ndani yake, na teke hilo hupigwa dakika za mwisho mechi ikiwa imebana.

Sasa kwa nini Jumatatu ni siku mbaya. Vilabu vya NRL hutangaza vikosi Jumanne saa kumi jioni za Sydney, ambazo kwetu ni saa tatu asubuhi. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Oktoba hadi Jumapili ya kwanza ya Aprili Sydney husogeza saa mbele, kwa hiyo huwa ni saa mbili asubuhi. Kabla ya tangazo hilo hakuna anayejua nani anacheza, na anayetabiri Jumatatu anatabiri jezi tupu. Hata Jumanne mambo hayajatulia, kwa maana kamati ya nidhamu husikiliza kesi jioni hiyo hiyo na mchezaji aliyetajwa mchana anaweza kuamka Jumatano amefungiwa. Saa 24 kabla ya mechi orodha hupunguzwa, na saa moja kabla ndipo hutoka ile ya mwisho. Ubashiri wa kuaminika kidogo huandikwa Jumatano, na wa kuaminika zaidi huandikwa asubuhi ya mechi.

Orodha ikitoka, usiisome kutoka juu hadi chini kama mahudhurio ya darasani. Tafuta namba nne kwanza: 1, 6, 7 na 9. Namba 1 ndiye beki wa mwisho, 6 na 7 ndio waendesha mchezo, na 9 ndiye anayeuokota mpira kila baada ya mkabo na kuamua uende upande gani. Karibu kila mpira wa timu hupita mikononi mwao. Winga akikosekana, timu hupata winga mwingine. Namba 7 akikosekana, hubadilika mateke ya mkabo wa tano, mwelekeo wa mashambulizi, na mara nyingi hata mpiga mikwaju. Hili la mikwaju watu hulisahau. Timu inayofunga trai nne na kukosa mikwaju mitatu imeacha pointi 6 uwanjani.

Tahadhari moja: kusoma namba hivi kunafaa NRL, ambako jezi huonyesha nafasi. Super League kila mchezaji hupewa namba yake mwanzoni mwa msimu na hukaa nayo, kwa hiyo aliyevaa 22 anaweza kuwa ndiye mwendesha mchezo wa siku hiyo. Kule vikosi vya watu 21 hutangazwa takriban siku mbili kabla ya mechi, na unalazimika kuwajua kwa majina.

Lipo jambo ambalo lingeokoa mikeka mingi kuliko yote tuliyotaja. Tangu 2023 mchezaji wa NRL aliyethibitishwa kupata mtikisiko wa ubongo hukaa nje siku 11, isipokuwa daktari bingwa wa nje ya klabu amwidhinishe kurudi mapema. Hesabu kwa vidole: aliyeumia Jumamosi, siku 11 zinaishia Jumatano ya wiki ya pili. Wikendi inayofuata hayupo. Usisubiri Jumanne kulijua hilo. Ukiona Jumamosi namba 7 ametolewa kwa uchunguzi wa kichwa wa dakika 15 na hakurudi, weka alama kwenye daftari lako, ingawa wakati mwingine hutokea amezuiwa na jeraha jingine. Jedwali lenu haliwezi kuyaona haya, maana linatazama matokeo tu. Timu ilishinda, basi ina "fomu nzuri".

Tuje kwenye siku za mapumziko. Raundi moja huanza Alhamisi na kuisha Jumapili, hivyo timu iliyocheza Jumapili inaweza kupangiwa Ijumaa, siku tano baadaye, dhidi ya mpinzani aliyepumzika siku saba au nane. Kwa kandanda siku tano ni anasa. Kwa mchezo huu, ambao mshambuliaji wa mbele hukaba mara 30 au 40 na kukimbiza mpira ukutani mara 15, siku tano hazitoshi hata michubuko kupona. Athari yake haionekani dakika za mwanzo. Inaonekana baada ya dakika ya 55, pale ukuta wa ulinzi unapochelewa kurudi nyuma mita 10 baada ya mkabo na mwamuzi anaanza kuhesabu upya mikabo sita kwa mshambuliaji. Ongeza safari hapo: Auckland hadi Sydney ni saa tatu hewani, na Townsville mwezi Machi ni joto la kutoa jasho hata ukiwa umekaa.

Mfano mzuri ni wikendi ya nusu fainali ya NRL ya Septemba 2025. Storm wa Melbourne walikuwa wamewafunga Bulldogs wa Sydney 26-18 Septemba 12 na Broncos wa Brisbane wakawafunga Raiders wa Canberra 29-28 Septemba 14 katika muda wa ziada, hivyo washindi wote wawili wakapata wiki nzima ya mapumziko, na walioshindwa wakabaki na nafasi ya pili. Sharks na Panthers, wote wa Sydney, hawakupata. Sharks walicheza Septemba 13, wakaenda Canberra kuwatoa Raiders 32-12 Septemba 20, kisha wakatakiwa kuwa Melbourne Ijumaa ya Septemba 26: siku sita. Panthers walivuka bahari hadi Auckland Septemba 13 wakawafunga Warriors 24-8, wakarudi Sydney kuwafunga Bulldogs 46-26 Septemba 21, halafu Jumapili ya Septemba 28 wakawa Brisbane. Anayetazama fomu angesema Panthers: bingwa wa miaka minne mfululizo, 2021 hadi 2024, aliyekuwa mkiani mwezi Mei akapanda hadi nafasi ya saba na sasa anafunga pointi 46 ugenini. Anayehesabu siku angesema wenyeji waliopumzika, wote wawili, kwa tofauti ndogo.

Storm walishinda 22-14. Broncos walishinda 16-14 baada ya kwenda mapumziko wakiwa nyuma 14-0. Hatusemi mahesabu ya siku yaliona mbali. Mkwaju mmoja ukigonga mwamba Brisbane, tungekuwa tunaandika barua nyingine. Lakini yalionyesha upande ulio sahihi, na kwa mtabiri huo ndio mshahara wote. Wiki moja baadaye, katika fainali ya Oktoba 5, Storm waliongoza 22-12 wakati wa mapumziko na hawakufunga tena; Broncos wakatwaa ubingwa 26-22. Wanaopenda kubeti mechi ikiendelea wazikumbuke nusu za pili hizo mbili.

Raiders je? Walimaliza wa kwanza kwenye msimamo, wakapoteza mechi zote mbili za mtoano nyumbani kwao. Msimamo wa NRL una mtego wake. Kwa kuwa ligi imekuwa na timu 17 tangu Dolphins wa Brisbane waingie 2023, kila raundi lazima angalau timu moja ipumzike, na anayepumzika hupewa pointi 2 za bure. Kila klabu hupata mapumziko matatu kwa msimu, lakini si kwa wakati mmoja. Katikati ya msimu timu moja inaweza kuwa imeshatumia mawili na jirani yake hata moja. Ukitazama safu ya pointi peke yake utadhani wamelingana, kumbe mmoja ana pointi 4 ambazo hakuzitolea jasho. Gawanya ushindi kwa mechi zilizochezwa, kisha tazama tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa.

Kipindi kibaya zaidi kwa mtabiri ni Mei hadi Julai, wakati wa State of Origin, mashindano ya majimbo mawili ya Australia. Queensland na New South Wales hukutana mara tatu, kila upande na kikosi kizima cha uwanjani na benchi, wote wakitoka vilabu hivi hivi tunavyovitabiri. Mwaka 2025 mechi hizo zilikuwa Mei 28, Juni 18 na Julai 9, zote Jumatano usiku. Ya pili ilichezwa Perth, upande wa pili wa bara, zaidi ya saa nne kwa ndege kutoka Sydney. Mchezaji aliyemaliza dakika 80 Perth Jumatano usiku anatarajiwa avae jezi ya klabu yake wikendi hiyo hiyo! Kocha mmoja atamchezesha, mwingine atampumzisha, na wa tatu atamtaja Jumanne kwa heshima kisha amwondoe saa moja kabla ya mechi. Katika wiki hizo ubashiri wetu ni mfupi: hesabu kila klabu imetoa wangapi, na kati yao wangapi ni wale wa namba 1, 6, 7 na 9. Klabu dhaifu isiyotoa mtu ikicheza na klabu tajiri iliyotoa watano, bei ya mnyonge huwa nzuri.

Ndivyo ilivyo pia raundi ya mwisho. Septemba 2022 Panthers walikuwa wamejihakikishia nafasi ya kwanza, wakapumzisha nyota wao na kupigwa 38-8 na Cowboys. Mwezi haujapita wakatwaa kombe kwa 28-12. Jedwali lenye safu ya "mechi tano zilizopita" lilihesabu kile kipigo cha 38-8 kama dalili ya ugonjwa.

Takwimu moja tunayoiamini kuliko pointi ni ukamilishaji wa zamu: kati ya zamu zote za mikabo sita ulizopata, ngapi ulifika mwisho bila kuangusha mpira au kufanya kosa. Timu hupata zamu 38 hivi kwa mechi. Aliyekamilisha asilimia 80 amemaliza 30. Aliyekamilisha asilimia 65 amemaliza 25. Zamu tano hizo mpinzani amezipata karibu na lango, bila kutembea. Ukiona timu imeshinda kwa pointi 20 huku imekamilisha chini ya asilimia 70, chunguza vizuri. Huenda mpinzani alicheza na watu 12 kwa dakika 10 baada ya mchezaji wake kutolewa kwa muda, na trai tatu zikaingia hapo hapo. Ushindi wa namna hiyo hausafiri hadi wiki ijayo.

Adhabu nazo hubadilika kwa amri. Kuna wikendi ya Brisbane mwezi Mei, ambayo huchezwa raundi nzima katika uwanja mmoja, Lang Park, kwa siku tatu. Mwaka 2021 ligi iliamua kuanza kuadhibu vikali kugusa kichwa wikendi hiyo hiyo, na waamuzi wakatoa wachezaji 3 nje kabisa na 14 kwa dakika 10. Aliyetabiri jumla ya pointi kwa kutumia takwimu za Aprili alikuwa anatabiri mchezo mwingine. Wikendi hiyo pia safu yenu ya "mwenyeji" haina maana, isipokuwa kwa Broncos na Dolphins ambao wanalala vitandani mwao.

Mvua tuipitie haraka: hupunguza jumla ya pointi kwa kuwa mpira huteleza na mawinga hukosa mateke ya juu, na humsaidia mwenye washambuliaji wa mbele wazito. Upepo ni mbaya kuliko mvua, kwa sababu huharibu mikwaju na hauonekani kwenye picha.

Kuhusu bei zenyewe, kwa kuwa mnazichapisha, chapisheni na maana yake. Mwenyeji akiwekwa 1.50 na mgeni 2.60, gawanya 100 kwa kila moja: 66.7 na 38.5. Jumla ni zaidi ya 105. Hizo 5 ni faida ya kampuni, na uwezekano halisi wanaompa mwenyeji ni takriban asilimia 63. Kama hesabu yako mwenyewe haifiki 67, hiyo bei si yako, hata ukiamini mwenyeji atashinda. Na mkeka wa mechi nane za wikendi nzima, kila moja ukiwa na uhakika wa asilimia 70, hutoka mzima chini ya mara 6 kati ya 100. Mechi moja au mbili zenye sababu unayoweza kuitamka, "siku tano za mapumziko na namba 7 hayupo", ni bora kuliko nane za kubahatisha.

Sisi kwa kawaida tunaanza na pointi 3 au 4 kwa mwenyeji. Tunatoa 4 hadi 6 namba 7 wa kawaida akikosekana, na 2 kwa kila mwingine wa ile minne. Tunaongeza 2 au 3 kwa aliyepumzika siku tatu zaidi ya mwenzake, kisha ndipo tunatazama tofauti ya pointi za msimu. Si sayansi, ni kipimo cha jikoni. Hesabu ikiishia ndani ya pointi 4 upande wowote, tunaiacha mechi hiyo. Ikiangukia kati ya 5 na 12, tunapendelea soko la "1 hadi 12", yaani ushindi wa pointi 1 hadi 12, kuliko kumpa mtu pointi.

Ombi letu ni jepesi. Hamisheni jedwali kutoka Jumatatu hadi Jumatano au Alhamisi asubuhi. Futeni X. Ongezeni safu tatu: siku za mapumziko, waliokosekana kati ya namba 1, 6, 7 na 9, na mapumziko ya bure ambayo timu imeshatumia. Na saa za mechi ziandikwe za kwetu. Wakati wa baridi ya Australia mechi ya Alhamisi huanza saa saba kasoro dakika kumi mchana, za Ijumaa saa tano asubuhi na saa saba mchana, za Jumamosi saa mbili asubuhi, saa nne na nusu na saa sita na dakika thelathini na tano, na za Jumapili saa moja asubuhi na saa tatu na dakika tano. Huko kwao saa zikisogezwa mbele, kwetu punguzeni saa moja. Za Super League za Ijumaa usiku huanza saa nne usiku majira ya joto ya Uingereza, na saa tano usiku majira ya baridi. Mechi iliyoandikwa kwa saa za Sydney humkuta msomaji ameshika mkeka wa mchezo ulioanza saa saba zilizopita.

Ni sisi wasomaji wa ukurasa wa michezo,
Nakuru